Mshono wa Paja

Ulianza kunisaliti mguu wa kushoto,
ule ninaokanyagia pedali
kiwandani Maseru, mstari wa saba,
mishono ya ndani ya jinzi, jozi mia sita kabla ya king'ora.
Ulikuwa baridi. Nikasema: ni Juni,
milima ina theluji, nani asiye na mguu baridi?
Nikavaa soksi mbili, kisha tatu.
Malineo wa mashine ya pili akacheka:
"Dada, utaimaliza pamba ya dunia."

Kidole kidogo kikageuka buluu,
buluu ile ile ya kitambaa tunachokata.

Bloemfontein, wodi ya mishipa.
Kulia kwangu bibi wa miaka themanini na moja,
kushoto mwingine, mwenye kisukari na meno ya bandia.
Mimi thelathini na nne.
"Mtoto," wananiuliza, "umefuata nini huku kwetu?"

Daktari Kgosiemang akachora mabomba mawili
nyuma ya karatasi ya chakula.
"Ateri ya bibi imejaa mafuta, kama sufuria isiyosuguliwa.
Yako haina mafuta. Ukuta wenyewe ndio uliowaka,
miaka, kimyakimya, ukavimba, ukalegea,
damu ikaganda mlangoni."

Lakini miaka kumi na miwili nimemeza,
saa mbili usiku, hata msibani, hata harusini kwangu!
Vipimo vinasema virusi havionekani.
Ndiyo, akasema, havionekani.
Mgeni aliyefungiwa chumbani
bado huchafua kuta.

Ni virusi, basi, au ni vidonge?
Akaiweka kalamu chini.
"Pengine vyote. Pengine kingine. Dawa usiache.
Hayo mengine hatujui vya kutosha."
Nikamwamini kwa hilo la kutojua.

Wakatoa vena mguu wa kulia,
wakaitia kiraka mguu wa kushoto,
kwa uzi mwembamba kuliko unywele, nao, nimeuliza,
ni wa buluu.
Nimeshona mapaja ya watu nisiowajua, ng'ambo huko;
leo nimeshonwa mimi.
Wa ndani sikuuona. Huu wa juu naukagua:
pale kwenye kinena umepinda kidogo.
Msimamizi wetu angeurudisha.

Muuguzi anapaka mafuta baridi, anagusa kwa kijiti,
na kutoka kwenye nyayo yangu
inasikika mashine, mbio, mbio, haikatiki uzi.

Kidole kidogo wamebaki nacho.
Haya.
Simu inalia, saa mbili.
Nipeni maji.