Mshale Mfupi

Mama yake aliniuliza ni mbali kiasi gani.
Nikaitoa atlasi aliyoiacha juu ya kabati,
jina lake bado lipo kwa kalamu ya kijani,
Aikaruwa, Kidato cha Pili B,
nikalaza rula kutoka KIA mpaka Osaka.
Mama yake hakungoja rula. Alitanua kiganja.
"Shibiri moja!" akasema, akacheka,
akarudi jikoni kukoroga mtori.

Mimi ni fundi saa, Kiboriloni,
kati ya muuza betri na mshona mabegi.
Siwezi kulala na jambo lisilopimwa.
Kilomita elfu kumi na moja, kasoro kidogo.
Kutoka hapa Moshi hadi Arusha ni themanini:
ni sawa na kwenda Arusha
mara mia moja thelathini na saba
bila kurudi hata mara moja.

Baba alishuka kutoka Kilema na kahawa kichwani,
saa tano kwa miguu,
akapanda jioni ileile na chumvi.
Mbali, kwake, palikuwa na kurudi ndani yake.

Ndege ya moja kwa moja haipo.
Ipo ya kupitia Doha: sita angani,
nne kwenye kiti cha chuma, miguu imevimba,
kumi tena angani.
Ishirini. Nimezihesabu kwa lenzi jichoni,
kama meno ya gurudumu dogo,
na bado kuna jino moja silioni.

Kisha Jumanne, saa tatu asubuhi, alipiga simu.
Nyuma yake ukutani niliona saa ya kiwandani.
Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu.
Nikageuka kuitazama yangu: kwenye tisa.
Maisha yangu yote jicho limeona tisa
na mdomo ukasema tatu,
wala sikujiuliza tatu hiyo ni ya wapi.
Kumbe nilikuwa naisoma saa ya Osaka
kabla hata hajazaliwa.

"Huko saa ngapi, mwanangu?"
Akatazama ile tatu yake, akajibu kwa Kiswahili,
"Saa tisa alasiri, baba."
Tisa yangu. Iliyokuwa hapa ukutani, imejaa vumbi.

Sikumweleza. Laini ilikuwa inakatika,
na mteja alishaniwekea mezani
Seiko iliyoingia maji.
"Inachelewa," akasema.
"Kiasi gani?"
"Sijui. Inachelewa tu."

Jioni nilimweleza mama yake habari ya mishale.
Alisikiliza, akaona ni mambo ya mafundi.
Yeye bado anaamini shibiri.
Ameipima kwenye meza yetu ya chakula,
kutoka kwenye kopo la chumvi hadi redio,
na hapo katikati
haruhusu mtu kuweka kikombe.