Makabidhiano ya Zamu

Keti kwanza, Dama. Chai ya tangawizi ingali na moto,
na ndege ya saa moja haijapita juu ya paa la Port Reitz
kuwaamsha hawa walioanza kulala alfajiri.

Wa kwanza hadi wa sita wako kama ulivyowaacha.
Wa saba ndiye nataka nikueleze polepole.

Mbwarali Shekuwe, miaka thelathini na minane,
mwendesha kreni, Kilindini.
Faili lake limefungwa kwa uzi wa kiatu.
Mara tatu amekuja, mara tatu
tumeandika neno lile lile: sonona.
Na kweli alikuwa amesonona.
Alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni,
tangu uji wa asubuhi hadi adhana ya adhuhuri,
soksi ya pili ikimshinda kama mzigo wa meli.
Tukampa vidonge vya kuinua moyo.
Moyo ukainuka.
Ukatoboa dari.

Juzi kaletwa na majirani wanne na dadake.
Alikuwa amekopa magodoro arobaini, Kongowea,
ati awalaze makuli wote wa bandari.
Usiku wa nne huo, hajafumba jicho,
maneno yakimtoka kama mchele gunia likipasuka.

Dadake, Bi Mwanatumu, alificha hirizi kiganjani.
Nikamwambia, nionyeshe. Nikaiandika nayo:
kafara moja, Likoni, mbuzi mweusi, shilingi elfu kumi na mbili.
Usimcheke. Alianza kutafuta kabla yetu,
na sisi tuliosoma
tulikosea mara tatu kwa mwandiko mzuri.

Kisha nikauliza lisiloulizwa katika kurasa zote zile:
kabla ya huzuni, hakuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi?
Akashika shavu, akacheka.
“Ah! Hizo ndizo siku zake njema.
Yuwapaka rangi nyumba nzima usiku mmoja.
Watoto wampenda. Hizo hatukuja kuwaambia, sista.
Nani apelekaye furaha hospitali?”

Nani apelekaye furaha hospitali.
Nimezunguka na tochi usiku kucha
na sentensi hiyo mfukoni, pamoja na funguo.

Daktari amebadilisha: ugonjwa wa hisia wenye ncha mbili.
Vidonge vya kuinua, basi. Ameanza lithiamu.
Hiyo ni jamaa ya chumvi, Dama,
na huu ni Machi, na mji wetu ni wa jasho.
Mfundishe dadake: maji anywe, chumvi asimkatie ghafla;
Ramadhani ikikaribia, waje tuzungumze kabla ya kufunga.
Akitapika, akiyumba, mkono ukitetemeka hata kikombe kimwagike,
wasingoje siku ya kliniki.
Damu ipimwe Alhamisi, asubuhi, kabla hajameza.

Na jambo hili sikuliandika, nakupa kwa mdomo.
Akitulia, wewe usitulie.
Anayeshuka kutoka juu vile huwa hasimami kwenye ngazi ya kati.
Vuta kiti, usimsimamie kichwani.
Muulize wazi: Mbwarali, umewaza kujiua?
Wanafunzi huogopa kwamba neno litampa wazo.
Wazo analo au hana; neno humpa mlango.
Mimi mwaka wangu wa kwanza niliogopa.
Nikauliza kuhusu chakula, nikauliza kuhusu choo.
Kilikuwa kitanda cha tatu, penye dirisha.
Jina lake silitaji, wala halijanitoka.

Haya.
Saa tisa za usiku aliniita:
“Sista Mghoi, magodoro yamefika?”
Nikamwambia bado.
Akalipapasa lile alilokalia, akapima unene wake kwa vidole.
“Basi niazime hili kwanza.”
Akalala saa nzima na dakika ishirini.
Hizo dakika ishirini nimezipigia mstari.

Funguo hizi hapa. Ndege yenyewe hiyo.
Nenda kasimame karibu naye
mpaka kelele ipite.