Siku ya Saba

Slaidi ya arobaini na saba niliisoma mara tatu.
Mara ya kwanza nililaumu rangi:
Gimsa ikilala chupani hutaga vumbi,
na vumbi, macho yakichoka, hufanana na chochote.
Nikaichuja upya kwa karatasi,
nikangoja dakika zake thelathini
nikivitazama vidole vyangu vya buluu
ambavyo sabuni ya mche ilikuwa imeshindwa navyo tangu Krismasi.

Mara ya pili nililaumu taa.
Umeme wa Kisumu mwaka ule ulikuwa na adabu za mgeni,
uliaga kabla ya chai.
Nikaigeuzia hadubini dirishani,
nikaazima jua.

Mara ya tatu sikuwa na wa kumlaumu.
Tone la mafuta, lenzi ikashuka,
na hizo hapo: pete.
Pete nyembamba za buluu, kila moja na kito chake chekundu,
kana kwamba mlikuwa na arusi ndani ya damu ya mtoto
na sisi hatukualikwa.
Kihesabio kililia chini ya dole gumba.
Chembe nyeupe mia mbili. Pete sitini na moja.

Siku ya saba.
Siku ya saba daftari lilitaka sifuri.
Juu ya mstari huo, sifuri. Juu yake tena, sifuri,
mviringo, safi, mayai ya kanga kiotani.

Bwana Khaemba alivua miwani.
"Mama ametema dawa," alisema. "Nawajua.
Klorokwini ni chungu, mtoto akilia wanaifunga kwenye leso."

Basi landrova ya idara, Ahero, kisha matope hadi Ombeyi.
Dorka Nyaguda alitoka mpungani, maji magotini,
akasikiliza shtaka lote bila kunawa mikono.
Hakubisha. Alimwita mwanawe,
akamvua shati, akamgeuza.
Mgongo mzima ulikuwa ramani ya kucha:
mikwaruzo mipya juu ya mikwaruzo ya juzi.
Usiku tatu hakulala, alisema, nilimpaka maji ya chumvi.
Kamwambie mwenye miwani
kidonge kilichotemwa hakiwashi.

Nilipaswa kurudi na maneno hayo tu.
Nilirudi pia na mkojo
katika chupa ya dawa ya kikohozi,
kwa kuwa maabara huiamini chupa
kabla ya kumwamini aliyeijaza.

Klorofomu kidogo, eosini ndani yake,
manjano kama kiini cha yai.
Nikamimina mkojo, nikaziba, nikatikisa.
Bwana Khaemba alisimama karibu mno, akinuka tumbaku.
Manjano ikasita.
Kisha chini, polepole,
ikaingia rangi ya ulimi wa mtoto
aliyeshinda juu ya mzambarau akikana kwamba alipanda.

Dawa imo, nikasema.
Na pete zimo.
Zimelala nyumba moja na hazijagombana.

Hakujibu. Alivuta droo yake,
akatoa kopo la vidonge alilowawekea watoto wake wa Bungoma,
akalitikisa kidogo sikioni,
kama mtu anayesikiliza saa iliyosimama.
"Andika," alisema.

Niliandika 61, wino mweusi, palipotakiwa yai.
Wiki iliyofuata niliandika 38, kisha 112,
na sikuchuja rangi mara mbili tena.

Ogweno alipewa kwinini. Alirudi mpungani
kufukuza ndege kwa kopo lenye kokoto.
Jina lake nalijua kwa sababu nilifika kwao;
daftari lilimjua kwa tarakimu.

Safu ya maneno ya mama haikuwepo.
Nilitumia ukingo, kwa penseli:
*Mama wa 47 alisema kweli, Jumanne, kabla ya maabara.*
Nakala safi ilipigwa taipu Nairobi.
Ilikuja nzuri, imenyooka, kurasa kumi na nne.
Niliutafuta ukingo.
Ukingo ulikuwa mweupe.