Chumba Juu ya Mashine

Fomu ilikuja na maswali kumi na manne.
La kwanza: Unalala saa ngapi?
Nilicheka peke yangu jikoni, kalamu mdomoni.
Kwetu nani amewahi kupanga saa ya kulala?
Machi ng'ombe huzaa usiku,
unalala ndama akikuruhusu.
Septemba unalala mvua ikinyesha,
na mvua ikinyesha hulali, kwa hofu ya ngano.
Nikaandika: Inategemea.
Kisanduku kilikuwa kidogo, neno likamwagikia pembeni.

La pili: Wewe ni mtulivu au mchangamfu?
Dada yangu Nadine akanipokonya karatasi.
"Andika unakoroma."
"Sikoromi."
"Siri ya mtungi muulize kata," akasema,
"na kata ni mimi, miaka kumi na saba,
kitanda changu shubiri nne toka chako."

Baba hahesabu kwa dola.
Aligeuza risiti ya dizeli, akagawanya mgongoni mwake:
chumba cha peke yako, tani kumi na moja za kanola.
Cha watu wawili, tani saba.
Na usipokula chakula chao, akasita,
mama yako akikutumia maandazi yake ya viazi
ndani ya sanduku la barafu...
Hakusema ni nyingi.
Aliikunja risiti mara mbili, kisha mara nne,
kisha akaikunja tena ilipokuwa haikunjiki.
Hapo nikajua.

Agosti tulikwenda Saskatoon, saa nne barabarani,
anga kubwa mbele, vumbi letu nyuma.
Desmond, wa mwaka wa pili, alitutembeza
akienda kinyumenyume bila kujikwaa,
akisifia lifti, akisifia intaneti,
akisifia dirisha linaloona mto
(dirisha hilo lilikuwa la tani kumi na mbili).
Mama alipitisha mkono chini ya kila godoro
kama mtu anayetafuta mayai.
Jikoni, kwenye friji, kopo la siagi
lilikuwa na maandishi ya wino mwekundu:
YA PRIYANKA. USIGUSE.
Mama aliyasoma mara mbili.
"Mtoto huyu," akasema, "amekwisha kuibiwa."

Chumba cha mwisho Desmond alitaka kukiruka.
"Hiki kiko juu ya chumba cha kufulia," akasema,
"mashine haziishi mpaka usiku wa manane.
Wengi huhama kabla ya Krismasi.
Ndiyo maana ni rahisi."

Nilivua viatu.
Sakafu ilitetemeka, ikapanda kwenye nyayo,
ikafika magotini, nikaitambua.
Oktoba, nafaka ikiingia na unyevu,
kikaushio chetu hunguruma ua mzima usiku kucha,
na sisi hulala fofofo, wote watano,
maana kikinguruma, mavuno yanapona.
Kikinyamaza tu,
taa zinawaka nyumba nzima,
Baba yuko mlangoni akitafuta buti gizani.
Kwetu ukimya ndio unaoamsha watu.

"Hiki," nikasema.
Desmond aliuliza kama nina hakika.
Baba alitazama dari, akatazama ukuta,
akatazama kila kitu isipokuwa mimi.
Alidhani nimechagua kwa ajili ya risiti.
Sikumweleza. Mpaka leo sijamweleza,
na pengine nusu yake ni kweli.

Septemba, usiku wa kwanza.
Mwenzangu aliitwa Shaylene, katoka kaskazini kabisa,
huko ambako barabara huja na barafu
na huondoka nayo.
Alitandika blanketi la bibi yake, akazima taa,
akasema usiku mwema kwa adabu,
kama tunavyowaambia wageni.
Chini yetu mashine zilizungusha suruali za watu
nami nikazama.

Saa tisa zikakoma.
Nikafumbua macho.
Kitanda cha pili, shubiri tisa hivi toka changu,
Shaylene naye alikuwa macho, kaketi, kakumbatia magoti.
"Unakoroma," akasema.

Asubuhi nilimpigia Nadine simu.
Nilimsimulia habari za mto, za lifti, za siagi ya Priyanka.
Hilo lingine sikulitaja.