Pindo la Joho

Joho lililetwa kwangu ndani ya gunia la sukari.
Wepukhulu, tarishi wa manispaa, hakutaka hata kuketi.
"Meya ni Munialo, mama Nafula. Mfupishie.
Anaapishwa Ijumaa."
Sikuhitaji utepe. Munialo namjua,
nimemshonea suruali mbili na deni moja.
Inchi sita juu. Nikakunja, nikapiga pasi ya makaa.

Enzi hizo Webuye ilinuka karatasi.
Wageni walianza kuziba pua tangu Lugulu;
sisi tulisema, hiyo ni harufu ya ugali.
Malori yalitoka kiwandani na karatasi tani kwa tani,
lakini ishirini na moja tu,
zilizokatwa kwa mkasi wa ofisi,
zilitosha kututia wazimu:
kumi za Munialo,
kumi za Lusweti,
na moja yenye alama juu ya mstari wenyewe,
si huku, si kule,
kama mbuzi aliyelala mpakani mwa mashamba mawili.

Karani wa mji aliigeuza, akaiinua dirishani,
akainusa. Nasema kweli, akainusa.
Akatamka kwamba alama inaegemea juu.
Watu wa Lusweti wakasema inaegemea chini.
Diwani mmoja akatoa rula ya mwanawe wa darasa la nne.
Rula ikavunjwa. Kiti kikavunjwa.
Pua ya karani pia.

Jumatatu, gunia lilelile.
"Mahakama ya Bungoma imesimamisha. Meya ni Lusweti, kwa muda."
Lusweti ni mrefu, mabega kama lango la boma.
Nikafumua.
Mwezi wa tatu, kunja. Mwezi wa tano, kunjua.
Wepukhulu akazoea kuketi, akazoea na chai yangu,
na kila nilipouliza malipo
alinijibu kwamba hundi inataka sahihi ya meya.
Meya yupi? Akapuliza chai.

Sisi tulimchagua diwani,
diwani akamchagua meya,
meya akachagua mawakili.
Choo cha soko kikatiwa kufuli mbili.
Nelima wa usafi alifagia barabara hadi nusu,
akalaza ufagio palepale kwenye vumbi,
akaenda kwao kupanda maharagwe.

Usiku mmoja wa mvua akaja diwani Kundu,
eti kifungo cha koti kimekatika.
Kifungo kilikuwa mfukoni mwake, na uzi wake mzima.
Nikashona. Yeye anatazama taa.
"Nilikula kwa wote wawili, mama," akasema.
"Nikiwa pale na kalamu nikajiuliza,
nimdhulumu yupi?
Nikaweka katikati.
Maishani mwangu sijawahi kuwa mwaminifu vile."
Nilikata uzi kwa meno.
Nikamtoza shilingi ishirini,
akatoa hamsini, akaniachia chenji.
Sijui kama hiyo nayo ilikuwa hongo.
Nilinunua mafuta ya taa.

Kisha kiwanda kikazima. Harufu ikaondoka
na tukagundua kwamba tulikuwa tukiipenda.
Kesi ikaendelea. Ikahamishwa, ikaahirishwa,
faili ikapotea, ikapatikana, haina kurasa za katikati.
Halafu ikaja katiba mpya na cheo chenyewe kikafutwa,
wakabaki wanaume wawili
na wakili mwenye nyumba ya ghorofa.

Joho halikufuatwa tena na mtu.
Lipo hapa, chini ya cherehani, pini zingali pindoni,
maana mara ya mwisho nilikuwa sijaambiwa nipime nani.
Siku za biashara mbaya nalitandika mezani
nikapitisha kidole kwenye mistari ya mapindo ya zamani:
huu Munialo, huu Lusweti,
huu Munialo tena, aliponenepa.
Na juu kabisa, karibu na goti,
upo mmoja ambao sikuushona mimi,
wa meya fulani wa zamani, mfupi kuwashinda wote.
Nimeuliza sokoni. Wazee wanakumbuka kofia yake.
Hakuna anayekumbuka alishindana na nani.