Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita nimepima kahawa hapa Kibosho, juu ya Moshi.
Gunia likidanganya, bega langu hujua kabla ya mshale kutulia.

Juzi umeme ulikatika.
Nsia, likizoni, akanitoa nje
akanionyesha ule moshi wa nyota:
"Baba, za pembeni zinakimbia mno.
Kwa uzito tunaouona zingekwisha kutawanyika
kama punje katika ungo wa mlevi.
Kuna kitu kinazishika. Hakiwaki, hakina kivuli.
Na nuru itokayo mbali, ikikipitia kando, inapinda."

Nikauliza cha kazini kwangu: kiasi gani?

"Gunia linasoma sitini. Kahawa ni kumi."

Na hizo hamsini?

"Hatujui."

Hapo ndipo nilipomwamini, penye hatujui.

Maana stendi, asubuhi yake,
Kiwelu ameshika kipaza sauti
na chupa za maji "yaliyotiwa giza la angani":
dawa ya sukari, ya mgongo, ya mume asiyerudi.
Yeye anajua yote, hata bei.
Nikamwomba daftari.
Wangapi wamekunywa? Wangapi wamepona?
Wangapi walipewa ya bomba bila kuambiwa?
Akaniita mchawi. Watu wakacheka, wakanunua.

Nimerudi kibandani.
Nafuta vumbi kwenye sahani, narudisha mshale sifurini,
nangoja usimame kabisa.

Ukurasa wa mwisho, ambako hakuna mkulima,
nimeandika kwa penseli:
Kilo hamsini. Uzito upo.
Kilichomo: bado.