Nyumba, Sina Ugomvi Nawe

Nyumba ya kilimani, namba 2214,
sina ugomvi nawe.
Si wewe uliyenipigia simu mwezi wa kumi na moja
ukitaka ngazi isiyo na pacha hapa Duluth.
Si wewe uliyeniita Reino kwa sauti ya udugu
ukanimiminia kahawa katika kikombe cha kaure.
Hayo yalikuwa ya Thayer, daktari wa meno,
na Thayer hapokei simu tangu theluji iyeyuke.

Vidato kumi na sita vya mwaloni.
Nilivipiga randa karakana ikiwa baridi
hata gundi ikagoma kushika,
binti yangu Aila akaipeleka jikoni
akaipasha moto pembeni mwa sufuria ya supu.
Mkono wa ngazi unapinda kama shingo ya bata maji,
hakuna msumari unaoonekana.
Kidato cha tisa kinalia. Najua.
Kililia siku ileile alipokipanda na viatu vyake vya gofu,
na hapo akapata alichokuwa anakitafuta.
"Kinalia," akasema,
akafunga kitabu cha hundi.

Dola elfu kumi na nane na mia sita,
kwa mlio wa panya mmoja.

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga.
Hawakusema mgonjwa akiitema dawa ashikwe nani.
Ishikwe nyumba, akasema wakili Oleksy,
ambaye ofisi yake iko juu ya duka la chambo
na faili zake zinanuka samaki.
"Watu hukimbia, Reino. Nyumba itakimbilia wapi?"
Akahesabu siku kwenye kalenda ya duka la rangi.
Kidole kikasimama: zimebaki kumi na moja.

Basi nikaapa mbele ya karani.
Kiwanja cha saba, kitalu cha thelathini na moja.
Mbao, gundi, saa mia mbili na arobaini.
Saa za kulala chali sakafuni nikiubembeleza mgongo
sikuziandika, fomu haina mstari wake.
Muhuri ukagongwa, ta!
na wewe ukabaki na jina langu ubavuni
kama mtoto aliyeandikishwa kwa baba asiyemjua.
Nisamehe.

Mwezi wa tisa Thayer akapata wanunuzi,
mke na mume wa Chikago, na mbwa wawili.
Kampuni ya hati ikafunua karatasi, ikanikuta mimi.
Simu ikalia. Ghafla mimi ni Reino tena!
Akanipa nusu. Nikanyamaza.
Akanipa robo tatu, akasema ana watoto chuoni.
Nikamwambia wa kwangu yuko jikoni, anapasha gundi.
Oleksy akafungua kesi:
nyumba ipigwe mnada, deni litoke humo.

Usiku ule sikulala.
Niliona wageni wakipanda na kushuka ngazi yangu,
buti zikidondosha matope, wakitaja bei juu ya bei,
hakuna hata mmoja anayeugusa mkono wa ngazi.
Nilitaka fedha yangu. Hilo sikulitaka.

Siku tatu kabla ya kesi, hundi ikaja,
na riba yake, bahasha kavu isiyo na salamu.
Hati ya kukuachilia niliisaini juu ya boneti ya gari,
kalamu ikigoma kwa baridi.
Mwenye mbao akachukua chake, Oleksy chake.
Kilichobaki kilitosha tairi nne
na kung'oa gego langu la chini,
kwa daktari mwingine.

Huna jina langu tena, nyumba. Uko huru, nami hivyohivyo.
Gundi ipo garini, na skrubu mbili.
Hao wenye mbwa wakiniita, nitakuja bure, dakika kumi tu.
Mpaka hapo, kilie.